Nyani Haoni Kundule: Kutoka Mahame ya Sepuka hadi Mkutano wa Kampala

Julai 1975 marais wa Afrika walikuwa wanafunga mizigo kwenda Kampala. Idi Amin ndiye aliyekuwa mwenyeji wa mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, OAU, na kwa desturi ya siku zile mwenyeji alikabidhiwa uenyekiti wa umoja mzima kwa mwaka unaofuata. Amin aliisherehekea nafasi hiyo kwa namna yake. Alijivika cheo cha Field Marshal. Alibebwa kwenye kiti mabegani mwa wafanyabiashara wa Kiingereza, wapiga picha wakishuhudia. Akafunga ndoa na Sarah Kyolaba wageni wakiwa bado mjini. Na tarehe 29, Jenerali Yakubu Gowon wa Nigeria akiwa palepale mkutanoni, ikamfikia habari kwamba amepinduliwa nyumbani kwake.

Tanzania haikwenda. Zambia na Botswana nazo zilisusa. Ila Tanzania ilitoa na tamko rasmi, na maneno yake yalikuwa makali mno kwa serikali ya Kiafrika kuyatamka hadharani juu ya serikali nyingine ya Kiafrika. Hoja yake ilikuwa hii: Mwafrika akiuawa na makaburu, bara zima hupaza sauti, akiuawa na Mwafrika mwenzake aliyekalia Ikulu, bara zima hunyamaza na kujifunika shuka la "mambo ya ndani". Kwenda Kampala, lilisema tamko, ni kuipa heshima mojawapo ya tawala zenye mauaji mengi zaidi Afrika.

Sasa tuondoke Kampala tuje Sepuka, tuone nyumbani kwa mtoa tamko kulikuwaje miaka ileile.

Sepuka iko magharibi ya mji wa Singida, kwenye barabara inayokwenda Ndago na kutokea Kizaga, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Ikungi. Ni nchi ya Wanyaturu: mtama, uwele, siku hizi alizeti kwa wingi, na ng'ombe. Kabla ya vijiji, kila boma lilikaa mbali na lenzake, na ulikuwapo utaratibu katika kutawanyika huko. Mashamba mazuri yalikuwa yale yaliyouzunguka mji wa mtu, kwa sababu ndiko samadi ya zizi ilikomwagwa mwaka baada ya mwaka. Udongo wa Singida kwa sehemu kubwa ni mwepesi na haraka huchoka. Rutuba haikuwa zawadi ya mahali. Ilikuwa kazi ya baba na babu, imelundikwa kwa ungo na jembe. Ukimhamisha mtu pale, humhamishi na nyumba yake tu. Unamwachisha na shamba ambalo familia yake imelitengeneza kwa vizazi.

Septemba 1973 mkutano mkuu wa chama tawala, TANU, uliamua kwamba ifikapo mwisho wa 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji vya pamoja. Novemba mwaka huo Mwalimu Nyerere akatangaza kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Kabla ya hapo ujamaa ulikuwa wa kushawishiana, walau kwa maandishi. Baada ya hapo zikaja operesheni. Wakuu wa mikoa na wilaya walipewa muda, wakawapa makatibu wa TANU muda, nao wakawapa mgambo muda mfupi zaidi.

Nyumba ya tembe haihamishwi kama hema. Kuta zake ni miti iliyosimikwa na kukandikwa, juu kuna boriti, fito, majani, kisha udongo mzito. Ukiliondoa paa, udongo wote unaanguka ndani, na mvua ya kwanza humaliza kuta. Hivyo sehemu nyingi za nchi hakukuwa na haja ya kumbeba mtu: waling'oa paa, au walichoma, na mwenye nyumba mwenyewe akatafuta lori lilipo. Vihenge vya nafaka vilibomolewa mbele ya wenyewe. Watu walishushwa penye kigingi na namba, wakaambiwa hapa ndipo kwako. Hayo yalitokea wakati nchi iko kwenye ukame wa 1973 hadi 1975, na serikali ikinunua chakula kutoka nje kwa fedha za kigeni ambazo haikuwa nazo.

Kule walikotoka pakaitwa mahame. Neno la Kiswahili cha kawaida kabisa, lakini katika mikoa ya kati lina uzito wake: mbuyu, mawe matatu ya jiko, mwinuko wa udongo palipokuwa tembe, na majani ya kijani kuliko ya jirani kwa sababu samadi ya zizi la zamani bado imo ardhini.

Mwaka 1977, katika tathmini yake ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, Nyerere alieleza kwamba zaidi ya watu milioni 13 sasa wanaishi vijijini. Alikiri kwamba baadhi ya viongozi walitumia nguvu na wengine walikosa huruma. Lakini akatoa hoja kwamba mamilioni ya watu hawawezi kuhamishwa kwa nguvu katika nchi kama Tanzania, kwa kuwa serikali haina uwezo huo wala nia hiyo. Naamini ya nia. Ya uwezo nina mashaka nayo, kwa sababu mtu mmoja mwenye bunduki na orodha ya majina hutosha kwa kitongoji kizima.

Basi swali lenyewe ni rahisi kuliuliza na gumu kulimaliza. Serikali iliyokuwa inang'oa mapaa ilipata wapi ujasiri wa kumnyooshea kidole Amin?

Wala mapaa hayakuwa peke yake. Tangu 1962 nchi ilikuwa na sheria iliyomruhusu Rais kumweka mtu kizuizini bila kumfikisha mahakamani. Katiba haikuwa na orodha ya haki za raia. Viongozi wa uhuru waliikataa wakisema itawafunga mikono. Bibi Titi Mohamed, aliyezunguka nchi nzima kuitafutia TANU wanachama, alihukumiwa kifungo cha maisha kwa uhaini mwaka 1971, akasamehewa mwaka uliofuata. Abdulrahman Babu, aliyekuwa waziri, alikaa ndani kuanzia 1972, baada ya kuuawa kwa Karume, kiongozi wa Zanzibar, hadi 1978. Na Zanzibar ya Karume ilikuwa na mambo yake ambayo bara liliyajua na likayafumbia macho: mauaji ya 1964, watu waliopotea, wasichana walioozwa kwa nguvu mwaka 1970.

Jambo la ajabu ni kwamba viongozi wenyewe walikuwa wamelitafakari swali hili mapema, na kwa uwazi kuliko wanasiasa wengi wa leo. Aprili 1969 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki na Kati walikutana Lusaka wakatoa Manifesto ya Lusaka juu ya Kusini mwa Afrika. Mkono wa Nyerere unaonekana kila aya. Makaburu na Wareno walikuwa na jibu lao la siku zote: nyinyi mna chama kimoja, mnafunga watu bila kesi, nani kawapa uhakimu? Manifesto haikukwepa. Ilikiri kwamba hakuna hata mmoja wa waliotia saini anayedai kwamba nchini mwake amekamilisha mfumo wa haki. Kisha ikachora mstari. Kuna nchi inayokubali kwamba binadamu wote ni sawa, halafu inashindwa, inachelewa, inakosea. Na kuna nchi inayoikataa kanuni yenyewe kwa sheria. Ya kwanza ni ya kusemwa, kubishana nayo, hata kugombana nayo. Ya pili ni ya kupigwa vita. OAU iliipokea, na Novemba mwaka huohuo Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa likaipokea pia.

Ni hoja nzuri. Mimi huiona kuwa bora kuliko zote zilizotolewa na Afrika huru juu ya jambo hili. Lakini mwaka huohuo wa 1969 wanasiasa wa Zanzibar Kassim Hanga na Othman Sharif, waliokuwa bara, walikabidhiwa Zanzibar kwa ridhaa ya Dar es Salaam, nao wakauawa. Kanuni ilikuwa Lusaka. Ndege iliyowapeleka haikuwa na nakala yake.

Amin naye akaivuruga Manifesto kwa upande mwingine. Yeye hakuwa na sheria inayosema binadamu si sawa. Alichukua nchi Januari 1971, Nyerere akakataa kumtambua, akamhifadhi Milton Obote, rais aliyepinduliwa. Agosti 1972 Amin akawapa Waasia siku 90 waondoke Uganda, na Nyerere akasema wazi kwamba huo ni ubaguzi wa rangi, Mwafrika akiufanya au Mzungu akiufanya. Amin angeweza kumjibu kwamba mwaka mmoja tu nyuma Tanzania ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na wenye majengo hayo wengi walikuwa Waasia. Tofauti ilikuwapo: sheria ya Tanzania ilitaja jengo, haikutaja rangi, na mwenye jengo alibaki na uraia wake. Lakini mwenye nyumba ya Mtaa wa India, Dar es Salaam, aliyepoteza akiba ya maisha yake hangeiona tofauti hiyo upesi.

Ndiyo sababu tamko la 1975 lilikuwa hatua kubwa kuliko Lusaka. Lusaka ilisema: tusiokamilika tunaweza kuwahukumu wanaoikataa kanuni. Tamko la 1975 lilisema: tusiokamilika tunaweza kuhukumiana na sisi kwa sisi. Na ukishasema hivyo umeiweka shingo yako mwenyewe hapo.

Ukikaa na watu wa Sepuka, hasa wenye umri, mabishano haya hayana Kilatini. Kijana aliyesoma atasema, "Babu, Mwalimu aliwavunjia nyumba, halafu akajifanya hakimu wa Waganda. Nyani haoni kundule." Na babu atamjibu bila haraka: "Nyumba alivunja, mjukuu wangu. Mimi nilikuwepo, wewe hukuwepo. Ila Amin alikuwa anaua. Ulitaka asiseme kwa sababu ya tembe yangu?" Kijana atanyamaza kidogo, kisha atauliza lililo la maana: "Na wewe, nani alikusemea?"

Hapo ndipo penye mzigo. Kosa la Tanzania lilikuwa kwamba mtu wa Sepuka hakuwa na mahali pa kulisomea tamko lile kwa sauti, akitaja jina la mkuu wake wa wilaya badala ya jina la Amin. Magazeti makubwa yalikuwa ya chama na serikali, redio ilikuwa moja, mahakama haikuwa na haki za raia za kuzitafsiri. Na Isimani, Iringa, walikuwa wameshaonyesha hasira isiyo na mlango inakotokea: Krismasi ya 1971 mkulima Said Mwamwindi alimpiga risasi Mkuu wa Mkoa, Dkt. Wilbert Klerruu, akamuua. Mwamwindi alinyongwa.

Walakini lipo tukio moja la miaka ileile ambalo huwa nalirudia kwa sababu halifanani na mengine. Mwaka 1976, katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, Shinyanga ikiwa jirani kabisa na Singida, vyombo vya dola vilikamata watu wengi katika msako wa mauaji ya washukiwa wa uchawi. Waliokamatwa waliteswa, na baadhi walifia mikononi mwa maofisa. Habari zilipofika juu, serikali haikusema ni propaganda za mabeberu. Januari 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu, ingawa hakuna aliyedai kwamba yeye ndiye aliyeagiza. Maofisa walishitakiwa. Mwezi uliofuata tu, Kampala, Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili, na serikali ya Amin ikasema ni ajali ya gari.

Weka matukio hayo mawili kwenye meza moja na utaona kwamba hoja ya "wote mna makosa" ina uvivu ndani yake. Makosa yalikuwapo pande zote za mpaka. Upande mmoja waziri aliondoka. Upande wa pili waliua tena.

Oktoba 1978 majeshi ya Amin yakaingia Kagera. Vita hiyo imeandikwa na wengi na sitaisimulia. Mgambo kutoka mikoa yote, Singida ikiwamo, walikwenda, na 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Tanzania ililipa gharama ambayo uchumi wake haukupona nayo kwa miaka mingi. Kilichonivutia zaidi ni kikao kilichofuata. Julai 1979, Monrovia, marais wa OAU walimweka Nyerere kikaangoni. Jaafar Numeiri wa Sudan, mwenyekiti aliyekuwa anamaliza muda, na Olusegun Obasanjo wa Nigeria, walilaumu Tanzania kwa kuvuka mpaka na kuiondoa serikali ya nchi mwanachama. Numeiri ndiye aliyewanyonga viongozi wa wakomunisti mwaka 1971. Obasanjo alitawala kwa amri ya kijeshi. Kwa kipimo cha usafi, hawakuwa na la kusema. Lakini hofu yao haikuwa ya kipuuzi: leo Amin, kesho nani, na nani atakayeamua? Godfrey Binaisa, rais mpya wa Uganda, alisimama akawalaumu kwa kunyamaza Waganda walipokuwa wanachinjwa, katika umoja uleule uliompa Amin uenyekiti.

Mkutano ule wa Monrovia, huku ukigombana, uliamua iandaliwe hati ya haki za binadamu ya Afrika. Ikapitishwa Nairobi mwaka 1981, ikaanza kazi Oktoba 1986. Humo marais walikubali kwa maandishi kwamba jinsi unavyomtendea raia wako si siri yako peke yako.

Ningependa kuishia hapo, lakini habari haikwenda vizuri hivyo. Obote alirudi madarakani baada ya uchaguzi wa Desemba 1980 uliojaa malalamiko, majeshi ya Tanzania yakiwa bado Uganda. Kisha ikaja Luwero, ambako jeshi la Obote likipambana na waasi wa Museveni liliua raia wengi mno. Dar es Salaam haikutoa tamko la kufanana na lile la 1975. Obote alikuwa rafiki. Kwangu hili ni doa kubwa kuliko mapaa ya Singida linapokuja suala la haki ya kusema. Aliyekosea nyumbani anaweza kumkosoa jirani akasikika. Anayemkosoa adui na kumnyamazia rafiki hufanya hata maneno yake ya kweli ya jana yaonekane yalikuwa siasa.

Nyumbani mambo yalisogea polepole. Mwaka 1984, katika mabadiliko ya Katiba, haki za raia zikaingizwa, lakini mahakama zikazuiwa kuzitumia hadi Machi 1988. Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyofanya kazi 1991 na 1992, ikaorodhesha sheria 40 za ukandamizaji, ile ya kizuizini ikiwamo. Na Desemba 1994 Mahakama ya Rufani, Nyalali akiongoza, ikaamua kesi ya Lohay Akonaay na mwanawe kutoka mkoa wa Arusha. Walikuwa wamepoteza ardhi katika operesheni ya vijiji, wakaipata tena kwa njia ya mahakama, kisha serikali ikatunga sheria mwaka 1992 ya kufuta madai yote ya namna hiyo. Mahakama ilisema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali, inalindwa na Katiba, na ikabatilisha vifungu vya sheria ile. Ilichukua miaka 20 kwa mahame kupata sauti mbele ya jaji.

Karne hii mambo yamegeuka: mwenye kunyoosha kidole ndiye anayenyooshewa. Septemba 2017 mbunge wa upinzani Tundu Lissu, mzaliwa wa Mahambe, wilaya hiihii ya Ikungi, alipigwa risasi nyingi mchana kweupe Dodoma akitoka bungeni, na hakuna aliyefikishwa mahakamani kwa shambulio hilo. Wazungu waliposema, walijibiwa kuhusu utumwa, ukoloni na Iraq, na majibu hayo si ya uongo. Uingereza haina usafi mbele ya Wakenya wa kambi za Mau Mau, wala Ujerumani mbele ya watu wa Maji Maji. Lakini jibu la aina hiyo humjibu Mzungu. Halimjibu mtu wa Ikungi aliyeuliza swali lilelile.

Na baada ya uchaguzi wa 29 Oktoba 2025, intaneti ikiwa imezimwa na watu wameuawa mitaani, waliosema kwamba uchaguzi haukufikia viwango hawakuwa Wazungu peke yao. Walikuwa waangalizi wa Umoja wa Afrika, mrithi wa OAU ileile ambayo Tanzania iliishutumu kwa kunyamaza mwaka 1975. Hatuwezi kuwaambia hao kwamba ni mambo ya ndani. Sisi ndio tuliowafundisha kwamba si mambo ya ndani.

Hati ya haki iliyozaliwa Monrovia ina mahakama yake, na makao ya mahakama hiyo yako Arusha. Tanzania ilitoa tamko la kuruhusu raia wake kuishitaki huko moja kwa moja. Mchungaji Christopher Mtikila alilitumia, akashinda mwaka 2013 katika suala la mgombea binafsi. Novemba 2019 serikali ililiondoa tamko hilo, na mlango ukafungwa kwa kesi mpya kuanzia 22 Novemba 2020. Wabunge wa Singida, wa chama chochote, waanzie hapo: wadai tamko hilo lirudishwe, ili mtu wa Sepuka mwenye madai yake, akipata nauli ya basi kwenda Arusha, apokelewe.